Mahali pa Paji la Uso

Jambo la kwanza alilotufundisha Mwalimu Sila ni kwamba rangi ya akriliki haimsubiri mtu.

"Na hapa Dodoma haisubiri hata kidogo," alisema. "Upepo wetu huu unakausha mate mdomoni. Ukimimina rangi kisha ukageuka kupiga soga, ukirudi unakuta plastiki."

Lilikuwa darasa la jioni, katika chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja huku Nzuguni. Wengi walikuja moja kwa moja kutoka kazini, vitambulisho vikining'inia shingoni. Mimi nilitoka nyumbani kwa binti yangu Khairat. Yeye ndiye aliyeniandikisha. Aliniona nimekaa sebuleni tangu Alfajiri mpaka Alasiri, nikiutazama ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa, akasema, "Mama, nenda ukashike kitu." Nilikwenda kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu, na nguvu sikuwa nazo.

Mume wangu Shaban alifariki Kondoa, dukani kwake, akimpimia mteja ufuta. Nilikaa eda yangu katika nyumba ile ile mpaka ikaisha. Watu walinisubiri nilie. Sikulia. Nilijua kwamba amekufa kama ninavyojua kwamba leo ni Jumanne. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa: ukiugusa unajua ni wako, lakini wenyewe hauna habari na wewe. Swala zangu zote niliswali kwa wakati. Maneno yalitoka kwa mpangilio wake, halikupotea hata moja, na hayakunigusa popote. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo. "Ya Rabi, ninakuja, lakini sijui kama ninafika."

Eda ilipokwisha ndipo nilipoutafuta mswala wa Shaban. Haukuwepo. Nguo za marehemu zilikuwa zimeshagawiwa, kama ilivyo desturi, na mswala ulifungwa ndani ya furushi pamoja na kanzu zake. Shemeji yangu Abdulrazaki, mdogo wake Shaban, ndiye aliyelichukua furushi na kulipeleka kwenye msikiti wa kijiji kimoja, njia ya Babati. Hakuna aliyekosea. Sadaka ikishatoka haidaiwi.

Ulikuwa mswala wa kijani, wenye upinde wa mihrabu, mistari miwili myekundu pembeni na matamvua yaliyoanza kukatika. Shaban aliusalia tangu Khairat akiwa mchanga, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeukunja. Pale alipokuwa akiweka paji la uso palikuwa pamechakaa mpaka nyuzi za chini zikaonekana. Nilikuwa nikipakunjia ndani, pasiingie vumbi. Picha za Shaban zipo nyingi kwenye simu ya Khairat, na nilizitazama, na sikuhisi kitu. Lakini mahali pale hakuna aliyewahi kupapiga picha. Nani apige picha ya mswala uliochakaa? Nikawaza kwamba nikipaona tena, hata mara moja, labda nitaamini kwamba mtu yule alikuwepo, na kwamba ameondoka. Hicho tu ndicho nilichokitaka kwenye darasa lile. Sikumwambia mtu.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa jogoo. Sila alimleta mzimamzima, akamfunga mguu kwenye meza, akasema kila mtu achore anachokiona. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sichori chenye roho."

Darasa zima likageuka. Angelina, mama mmoja mnene wa wizarani aliyekaa karibu yangu, akaweka brashi chini.

"Mama Khairat, huyu kesho ni mchuzi. Ngoja tumchinje, roho ikitoka uanze kupaka."

Walicheka, na jogoo naye akawika, wakacheka zaidi. Nadhani zamani ningecheka pia. Sila hakucheka. Ni kijana wa Kigogo, mtoto wa mchungaji, na mambo ya dini ya mtu huyashika kwa mikono miwili.

"Hakuna neno, mama. Mungu ameumba na vitu. Wewe una kitu gani?"

"Nina mswala," nilisema. "Yaani, sinao."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa kipande changu cha kitambaa kilichopakwa rangi nyeupe ya msingi, akaniacha.

Nilijifunza polepole. Nilijifunza kulowesha kitambaa, kukitandaza kwenye sinia, kuweka juu yake karatasi ya kuokea mikate, na kumimina rangi hapo, ili unyevu wa chini uizuie kukauka. Nilijifunza kuizimua rangi kwa maji mpaka iwe nyepesi kama chai ya mgonjwa, na kuipaka tabaka juu ya tabaka. Nilijifunza kwamba akriliki ikikauka hukoza. Ukipata rangi unayoitaka ikiwa mbichi, ujue umeikosa. Haya niliyashika vizuri. Nilikuwa fundi cherehani maisha yangu yote, na kichwa kilifanya kazi hata bila moyo.

Siku moja nilikuwa nikitawadha bombani, Magharibi imekaribia, nikaona doa la kijani karibu na kiwiko. Nilisugua, halikutoka. Nikarudi darasani na mkono unaotiririka.

"Mwalimu, hii rangi ikishakauka kwenye ngozi, maji yanapenya?"

"Hayapenyi, mama!" alijibu kwa furaha. "Ndiyo sifa yake. Ukipaka hata ukuta wa nje, mvua ikija—"

"Basi na udhu wangu haupiti."

Furaha ikamtoka. Tukasimama tukiutazama mkono wangu kama watu waliomkuta mwizi. Tangu siku ile nilikuja na chupa ya mafuta ya nazi. Kabla ya kushika brashi nilijipaka mikono mpaka juu ya viwiko, ili rangi isipate pa kushika.

"Mama Khairat," alisema Angelina, "unakuja kuchora au unakuja kukaangwa?"

"Nikiiva nitakuambia," nilimjibu. Alifurahi sana kwamba nimejibu. Alinishika bega. Nilihisi uzito wa mkono wake, basi.

Mahali penyewe palinishinda. Upinde wa mihrabu niliupata, na mistari myekundu, na matamvua nikayachora moja moja kwa brashi nyembamba. Lakini pale pa paji la uso kila nilichopaka kilikuwa uongo. Nilichanganya kijani na nyeupe, ikawa kama ukoga. Nikatia kahawia, ikawa tope. Nikatia njano kidogo, nikapaka duara juu ya kijani, nikarudi nyuma kutazama.

"Mbona umeweka sahani juu ya mswala?" aliuliza Angelina, na safari hii hakuwa anatania. Kweli ilikuwa sahani.

Sila alikuja akachuchumaa. "Pale palikuwa na rangi gani, mama?"

"Hapakuwa na rangi. Palikuwa kijani kilichochoka."

"Na chini ya kijani?"

"Nyuzi. Kama za gunia."

Akafikiri. Wiki iliyofuata aliniletea kitambaa kikubwa, urefu wa mswala wa kweli. Alisema nianze na kilicho chini: nipake kitambaa chote rangi ya gunia, nikiache kikauke kabisa. Kisha nipake kijani kizito, kilichochanganywa na dawa yake nzito inayochelewesha kukauka, nikichore kwa ncha ya kijiti kabla hakijashika, kiwe na manyoya kama mswala. "Na pale mahali pako," alisema, "tutapaangalia mwisho. Ila usije ukakikunja kitambaa. Akriliki ikikaa uso kwa uso hushikana, ukibandua inachanika. Kiviringishe tu."

Kitambaa hakikutosha kwenye meza za darasani. Nilikipeleka nyumbani, nikakitandaza sakafuni kwenye chumba cha wageni, juu ya nailoni. Nilikitandaza kikielekea kibla. Sikukusudia. Mkono wangu haujui kutandika mswala kwa kuelekea kwingine.

Jioni niliyomaliza kupaka kijani ndiyo jioni aliyofika Abdulrazaki. Tulijua anakuja, ana mtoto wa jicho, na kesho yake alikuwa na miadi ya macho hospitalini. Lakini basi la Kondoa liliwahi. Mimi nilikuwa bafuni nikijikwangua kucha kwa ajili ya swala. Rangi ya kwenye kucha haitoki upesi hata kwa mafuta. Nilisikia sauti yake uani, nikamsikia Khairat akimwambia, "Shikamoo baba mdogo, karibu, maji ya udhu haya hapa," kisha mafuta ya kukaangia yakalia jikoni. Adhana ilikuwa imeshapita. Niliendelea kukwangua.

Nilipotoka nilipita mlangoni pa chumba cha wageni. Taa haikuwa imewashwa. Abdulrazaki alikuwa amesimama juu ya mswala wangu, mikono kifuani, anaswali.

Nilifungua mdomo nikaufunga. Mtu akishafunga swala humkatizi kwa sababu ya rangi. Akarukuu. Akasimama. Akaenda chini, magoti, mikono, uso. Nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayebandua jani la mgomba lililolowa. Akakaa. Akaenda tena.

Nilisimama pale rakaa zote tatu. Nilimtazama mgongo wake, ambao ni mgongo wa Shaban, kwa sababu wale walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na kimo kimoja. Ninasema nilichokiona. Kuhisi, sikuhisi. Niliona kwamba kila alipoinuka, mahali palikuwa pamebadilika kidogo, na kila alipokwenda chini alirudi pale pale.

Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akabaki amekaa. Kisha akainua viganja vyake karibu na macho.

"Laa ilaha illallah. Shemeji, mswala wenu unatoka jasho?"

Khairat alikuja mbio na mwiko mkononi, akawasha taa, akapiga ukelele. Abdulrazaki alikuwa wa kijani. Viganja, magoti ya kanzu, vidole vya miguu, na usoni doa kubwa katikati ya paji na lingine kwenye ncha ya pua.

"Baba mdogo! Kesho daktari atakutibu jicho au atakupeleka kwa mafundi wa magari?"

"Mwulize mama yako," alisema. "Bwana harusi mzima nimepakwa hina mpaka puani, na bibi harusi kasimama mlangoni ananiangalia tu."

"Bwana harusi gani asiyetazama anapolala?" nilisema.

"Naona ukungu tu, shemeji, si unajua? Nilipoingia niliona kijani, nikaona mistari ya pembeni. Nikasema, alhamdulillahi, kumbe mswala wa kaka waliubakiza. Nikafunga swala. Sijda ya kwanza nikasikia baridi na harufu ya gundi." Alijigusa paji, akatazama kidole. "Lakini nilishafunga. Ningefanyaje? Nikamwambia Mungu, haya mengine tutayaongea baada ya salamu."

Khairat alikuwa amekaa sakafuni, anacheka hadi machozi yanamtoka. Nilimpa chupa ya mafuta ya nazi. Yeye ndiye aliyempangusa baba yake mdogo, kwa kuwa mimi si halali kumgusa. Alimsugua paji kwa kitambaa, akamkwangua pua kwa ukucha, na Abdulrazaki alilalamika kama mtoto anayeogeshwa.

"Sugua vizuri," nilimwambia Khairat. "Isha inakuja. Maji yakikuta plastiki hayapiti."

"Plastiki?" alisema Abdulrazaki. "Nimepakwa plastiki?"

Kisha akaelekeza uso wake pale mswala ulipokuwa.

"Kwa hiyo huo umeuchora wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Sikuwahi kuulizwa waziwazi. "Wa Shaban uliondoka na furushi," nilisema. "Nilitaka kuona pale alipokuwa akiweka uso. Hapatoki. Nimejaribu kila rangi."

Kicheko cha Khairat kilikatika. Abdulrazaki alichukua kitambaa cha mafuta, akajifuta viganja.

"Ungesema, shemeji. Mimi furushi sikulifungua. Lakini msikiti ninaujua, na imamu wake ninamjua. Nikitoka hospitali nitakwenda. Nitawapelekea mswala mpya, mzuri kuliko ule, nitawaomba wanirudishie. Hawatakataa."

Nilimwamini. Angekwenda hata akiwa amefungwa jicho. Niliona safari yote: basi, kijiji, imamu akiutoa mswala, na mswala ukiwa tena mikononi mwangu. Ndicho nilichokuwa nikikitaka, na sasa kilikuwa kimewekwa mbele yangu kama sahani ya chakula.

"Usiende," nilisema.

"Mama!" alisema Khairat.

"Kuna mtu anausujudia sasa. Nitamwondoa pale ili nifanye nini? Na paji lake limeshaanza kupafuta pa Shaban. Usiende, shemeji."

Hakubishana. Khairat alimpeleka akabadilishe kanzu. Nilibaki peke yangu chumbani, nikapiga magoti kwenye ukingo wa nailoni ili nione nitengeneze wapi. Viganja vilikuwa vimeacha alama mbili, kila kidole kinaonekana. Hizo nitazifunika, nilisema, mikono ya Shaban haikuwahi kuchakaza kitu. Magoti yalikuwa yamefuta mabaka mawili mapana. Hayo yalikuwepo kweli. Kisha nikatazama pa uso.

Kijani kilikuwa kimeondoka na paji la Abdulrazaki. Hakikuondoka chote. Katikati ilionekana rangi ya gunia, na pembeni kijani kilipungua polepole mpaka kikajaa, bila ukingo wowote ambao mtu angeuita duara. Na chini yake, upande wa magoti, palikuwa na alama nyingine ndogo, ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Pua.

Nilisahau pua. Miaka yote nilikunja mswala ule, na vidole vyangu vilipita hapo kila asubuhi, pakubwa halafu padogo, na nilipokaa kuchora nikakumbuka paji peke yake. Ndiyo maana ikawa sahani. Na rangi niliyokuwa nikiitafuta kwenye sinia haikuwepo kwenye sinia. Nilikuwa nikiongeza kila siku mahali palipokuwa pakipunguzwa.

Pa uso sikupagusa, wala pa magoti. Niliziba alama za viganja, nikanawa, nikaswali Magharibi yangu iliyochelewa, nikaenda kumpakulia mgeni.

Alfajiri niliamka kabla ya adhana. Abdulrazaki tulimlaza sebuleni, alikuwa anakoroma. Niliingia chumba cha wageni, nikawasha taa. Rangi ilikuwa imekauka, na imekoza, kama Sila alivyosema. Kijani cha jana kilikuwa kimefika mahali pake. Nilipiga magoti nikapitisha kidole. Pakubwa, halafu padogo. Nilisubiri. Nilidhani machozi yatakuja wakati ule, na niliyapa nafasi. Hayakuja.

Mikono yangu ikashika ncha mbili za kitambaa ikaanza kukunja, mahali pale pakielekea ndani, kama kila asubuhi. Nilikuwa nimeshafika nusu nilipokumbuka. Uso kwa uso hushikana. Nikakunjua upesi, hakikuwa kimeshika. Nikakiviringisha kwa nje, nikakifunga kwa utepe, nikakisimamisha nyuma ya kabati, maana sikutaka ninaposwali kuwe na kitu mbele yangu isipokuwa kibla.

Kisha nikatandika mswala wangu mwenyewe. Niliutandika nyuma kidogo, pembeni kidogo, kama ninavyoutandika siku zote, na mbele ikabaki nafasi ya mtu mmoja, sakafu tupu. Nikafunga swala. Maneno yalikuja kwa mpangilio wake. Nilipokwenda sijda nilihisi pua yangu. Ilikuwa imegusa chini, na chini palikuwa baridi. Nikakawia pale kuliko kawaida.